Maswali ya wasomaji: "Walitaka kumfanya mdogo wangu panya?"

Tangu toleo lililopita nilivyoandika habari za kofia za bodaboda simu yangu haijapumzika, meseji zimekuja za kichwa, za mgongo, za uvimbe, na karibu nusu yake zinagusa kitu kimoja, zile karatasi za utafiti ambazo watu wanaletewa wodini. Nimekuwa muuguzi wa utafiti kwa majeruhi wa kichwa miaka mingi na kabla ya hapo nilikuwa nesi wa kawaida wa zamu, kwahiyo hili naliongelea kama mtu aliyezishika hizo karatasi mkononi. Majina nimeyatoa. Swali la kwanza nitalijibu kwa urefu, mnivumilie.

Shikamoo sista. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23 anaendesha boda, alipata ajali huku Morogoro akapelekwa Dar hajitambui. Nilivyofika usiku nikaletewa karatasi ya utafiti eti kuna dawa wanaipima, wengine wanapewa dawa na wengine dawa bandia. Nikakataa nikalia sana. Sasa amerudi nyumbani ila anasahausahau. Majirani wanasema nilifanya vizuri manake walitaka kumfanya panya wa kujaribia dawa, shangazi anasema nilimnyima dawa. Silali sista. Nani mkweli?
Dada, Morogoro

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, usiku ule naujua. Nimesimama mara nyingi mbele ya ndugu kama wewe, mtu kajifunga kanga juu ya nguo ya kulalia, mkononi kashika kiatu kimoja cha mgonjwa kwenye mfuko manake kingine kimebaki barabarani, halafu mimi ndo wa kumwambia dada kuna karatasi hapa naomba tuisome wote. Hamna saa mbaya ya kusomewa karatasi kama hiyo. Ulikataa, ilikuwa haki yako, na anayekataa anatakiwa kupata matibabu yaleyale ya kila siku bila kupunguziwa hata kimoja. Hilo liweke pembeni ulale.

Sasa shangazi. Anasema ulimnyima dawa. Dawa ipi? Ingekuwa inajulikana kuwa inaokoa wasingekuletea karatasi, wangemchoma tu kama walivyomchoma ya maumivu. Karatasi inakuja kwasababu bado hakuna anayejua, awe profesa awe nesi. Na hao majirani wanaosema panya, ngoja nikusimulie kitu kimenikaa rohoni ndo utaelewa kwanini neno hilo linaniuma.

Nilipoanza kazi, miaka ya tisini, kwenye hospitali niliyokuwepo majeruhi wa kichwa akiingia hajitambui, dripu ikishakaa tu tunamchoma dexa, yaani deksamethasoni, moja ya dawa za steroidi. Sababu ilikuwa nzuri kabisa ukiisikiliza: ubongo ukigongwa unavimba, fuvu ni mfupa halitanuki, steroidi zinashusha uvimbe, basi choma steroidi. Na tulikuwa tunaona kwa macho yetu kwa wagonjwa walioota uvimbe ndani ya ubongo, jana mtu kichwa kinampasuka anatapika, ukimpa dexa kesho unamkuta amekaa anakunywa uji. Kwahiyo na majeruhi tulichoma. Hakuna ndugu aliyetia saini, hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyesema panya, manake hayo yalikuwa yanaitwa matibabu. Na haikuwa sisi peke yetu, duniani kote steroidi zilitumika kwa majeruhi wa kichwa zaidi ya miaka thelathini. Tafiti zilikuwepo ila ndogondogo, ukiziunganisha zinaonyesha kama zinasaidia kidogo na uhakika hamna.

Ndo wakaja watu wa chuo cha afya ya jamii na magonjwa ya kitropiki cha London, na Profesa Ian Roberts, wakaanzisha utafiti unaitwa CRASH. Hospitali 239, nchi 49, majeruhi 10,008. Nusu walipewa methylprednisolone, ni ndugu wa dexa, na nusu walipewa kichupa kinachofanana nacho kisicho na dawa. Walitaka kufikisha watu elfu ishirini hawakufika, manake kuna kamati ya pembeni inayochungulia hesabu kimyakimya wakati utafiti unaendelea, na mwaka 2004 kamati ikaona hesabu imekaa vibaya, utafiti ukasimamishwa. Ndani ya wiki mbili waliopewa steroidi walikuwa wamekufa asilimia 21.1 na wasiopewa asilimia 17.9. Yaani katika kila watu mia, watatu zaidi wanakufa kwa kitu tulichokuwa tunawachoma ili wapone.

Nilisoma ile habari nikiwa zamu ya usiku. Nikaangalia mikono yangu. Sikulia siku hiyo, nililia baadaye nilipoanza kuzikumbuka sura.

Sasa niambie mdogo wangu, nani alikuwa panya? Wale elfu kumi waliohesabiwa mmojammoja, wana kamati yao na mtu wa kupiga kengele mambo yakiharibika, au wale wa wodini kwetu tuliowachoma miaka nenda rudi bila mtu kuhesabu waliokufa? Mimi jibu langu ninalo.

Hapo niweke angalizo, kama una mgonjwa aliyeota uvimbe ndani ya ubongo na amepewa dexa USIMWACHISHE eti umesoma kwenye gazeti, kwake ile dawa inafanya kazi na kuikatisha ghafla ni hatari. Naongelea kichwa kilichogongwa.

Tuje kwenye neno bandia, hili ndo lililokutisha na hapa kosa ni letu sisi watu wa hospitali. Dawa bandia kwa Mtanzania ni ile TMDA, mamlaka ya dawa, wanayoikamata dukani, feki, ya kumuua mtu. Kumbe kwenye utafiti kile kichupa mara nyingi ni maji ya chumvi tu, yaleyale ya dripu. Mimi siku hizi nasema kichupa kitupu na ndugu wananielewa haraka. Na mgonjwa wa kichupa kitupu anapata kila kitu kingine kama kawaida, CT scan, oksijeni, upasuaji ukihitajika, tofauti ni hicho kichupa tu. Maboksi yanakuja yamefanana, yana namba tu, mimi ninayechoma sijui ndani kuna nini na daktari hajui, hiyo inafanywa makusudi ili nisije nikamwangalia vizuri zaidi yule ninayedhani amepata dawa. Na nani anapata nini hakuna mtu anayechagua, inapigwa kama kura.

Watafiti haohao wa London walirudi na dawa nyingine, asidi ya traneksamiki, ya kuzuia damu kuendelea kuvuja. Mama mmoja Mjapani, Utako Okamoto, na mumewe Shosuke ndo waliigundua, walichapisha mwaka 1962, yeye alikuwa anawaza akina mama wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Kwenye CRASH-3, mwaka 2019, majeruhi wa kichwa 12,737 katika hospitali 175. Waliochomwa ndani ya masaa matatu na hawakuwa mahututi kabisa, vifo vya kichwa vilikuwa asilimia 5.8 kwa waliopata dawa na 7.5 kwa waliopata kichupa kitupu. Kwa wale walioumia vibaya sana haikuleta tofauti inayoonekana. Unaona lile neno masaa matatu? Ndo maana nesi anakufuata usiku uleule na wewe bado unalia, si kwamba hana utu, damu ndani ya fuvu haisubiri asubuhi.

Na kama ndugu hayupo? Azimio la Helsinki, la mwaka 1964 na marekebisho yake, linaruhusu mgonjwa asiyejitambua aingizwe kama jambo haliwezi kusubiri na kamati ya maadili ilishalikubali hilo kabla, halafu akizinduka au ndugu akipatikana anaulizwa na anaweza kutoka. Kwetu Tanzania kibali cha maadili ngazi ya taifa kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama ni dawa TMDA nao wanahusika, Kenya kuna kamati za hospitali na vyuo pamoja na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Siku nyingine ukiletewa karatasi uliza tu: kibali kiko wapi, mtu asipoingia anapata nini, akiumia kwasababu ya utafiti nani anamtibu, na namba ya simu ya kamati ni ipi. Nesi anayeijua kazi yake atakujibu bila kununa.

Kuhusu kusahausahau, mrudishe kliniki. Baada ya ubongo kuumia kusahau, hasira za ghafla, usingizi mwingi na kelele kumkera ni vitu vya kawaida na vingine vinapungua kwa miezi. Boda asiendeshe kwanza, hata akikuambia yuko fiti. Ila kama kichwa kinazidi kumuuma kila siku, anatapika, au upande mmoja unalegea, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyohiyo.

Sista hujambo. Mzee wetu ana miaka 74, aligonga kichwa kwa mlango wa matatu, hata hakuvuja damu, tukasahau. Baada ya mwezi na zaidi akaanza kuchanganya majina ya wajukuu na kuburuta mguu. Tulidhani ni uzee. Sasa hospitali wanasema kuna damu ya zamani juu ya ubongo watoboe fuvu. Binamu yetu yuko Ulaya anasema kuna vidonge, asipasuliwe. Tufanye nini?
Familia, Mombasa

Sijambo, mpeni mzee salamu zangu. Hii ni moja ya hali ninazozipenda kuzieleza manake inatibika, na watu wengi wanaiacha kwa kuiita uzee.

Ubongo wa mzee unasinyaa kidogo, kati yake na fuvu panabaki nafasi, na vile vimishipa vinavyopita hapo vinakuwa vimevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Kugonga kidogo tu kimshipa kinakatika, damu inavuja polepole, wiki hadi wiki, inageuka majimaji meusi. Madaktari wakitoboa yanatoka kama oili chafu ya gari, kweli kabisa, rangi ileile. Kuna mzee mmoja binti yake alimleta kwasababu ndara ya mguu wa kushoto ilikuwa inamtoka njiani na yeye anaendelea kutembea peku hajui. Alidhani baba ameanza dharau. Alitobolewa Jumanne, Alhamisi anauliza nani amekula mkate wake.

Upasuaji wenyewe ni matundu madogo kwenye fuvu, wanaosha, wanatoa. Swali lililobaki miaka mingi lilikuwa waache mrija wa kuchuruza au wafunge tu, kila daktari na mazoea ya mwalimu wake. Cambridge kule Uingereza wakapima, wagonjwa 215, matokeo yakatoka 2009: waliowekewa mrija damu ilirudi hadi kuoshwa tena kwa asilimia 9.3, wasiowekewa asilimia 24. Na ndani ya miezi sita waliokufa ni asilimia 8.6 kwa wenye mrija na 18.1 kwa wasio nao. Mrija! Kitu cha bei ndogo kabisa kwenye chumba cha upasuaji. Muulizeni daktari kwa heshima kama mzee ataachiwa mrija.

Sasa vidonge vya binamu, nadhani ni dexa, na hapo naye hajatunga, wazo lilikuwepo. Uingereza walipima dexa kwa wagonjwa 748 wa hali hii hii, wastani wa umri ni kama wa mzee wenu, matokeo 2020. Wengi wao walipasuliwa pia, dexa ilikuwa nyongeza. Baada ya miezi sita waliokuwa na hali nzuri ni asilimia 83.9 kwa waliokunywa dexa na 90.3 kwa wasiokunywa. Waliorudishwa kupasuliwa tena walikuwa wachache kwenye dexa, ndo hicho watu wanakisikia wanakikimbilia, lakini mtu mzima kwa ujumla wake alikuwa afadhali bila hiyo dawa. Kwahiyo kubalini upasuaji na vidonge mviache. Na kama mzee anakunywa dawa ya kuyeyusha damu, hata aspirini ya moyo, ITAJENI kabla hajaingia chumbani.

Mwanangu ana miezi mitatu kichwa kinakua haraka na macho yanatazama chini. Wanataka kumwekea mrija wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni. Nasikia Mbale Uganda wanatoboa tu bila mrija. Ni lipi bora, nisubiri nitafute nauli?
Mama, Busia

Mama usisubiri nauli kwa kusikia ni bora. Nitakueleza kilichopimwa, na raha yake kimepimwa hapohapo Mbale, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, kwa watoto wa kwetu.

Mrija, shanti wanavyoita, unafanya kazi vizuri ila unaweza kuziba au kuingia wadudu miaka ijayo, na mtoto wa kijijini shanti ikiziba usiku hospitali iko mbali. Daktari Benjamin Warf alipokuwa Mbale ndo akaendeleza njia nyingine, wanaingiza kamera nyembamba kwenye vyumba vya maji vya ubongo, wanafungua mlango mpya maji yapite, halafu wanaziunguza zile nyama zinazotengeneza maji. Mtoto hakai na kitu mwilini. Ukisikia hivyo utasema basi hii ndo bora, na mimi nilisema hivyo.

Wakapima njia zote mbili kwa kupiga kura, watoto 100 chini ya miezi sita, ambao maji yalitokana na maambukizi, ikatoka 2017. Baada ya mwaka mmoja akili za watoto, jinsi wanavyoelewa na kucheza, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya shanti na kamera. Wala ukubwa wa ubongo. Kwahiyo kwa mtoto wako cha muhimu ni afanyiwe mapema na mtu aliyezoea njia anayoitumia, kuliko kukaa nyumbani ukichangisha kwenda kufuata njia fulani.

Kuna kingine cha Mbale nakipenda sana na wengi hawakijui. Mwaka 2005 Warf alilinganisha shanti ya bei mbaya, kama dola 650, na ya India inayoitwa Chhabra, kama dola 35, kwa watoto 195, akawafuatilia mwaka mzima, hakuna tofauti. Ile ya dola 35 inatosha. Ukiambiwa shanti ya bei nafuu si shanti, hiyo ndo hesabu yake.

Akishawekewa: kutapika, homa, usingizi usio wa kawaida, utosi kuvimba na kukaza, unarudi hospitali muda huohuo. Andika tarehe ya upasuaji kwenye kadi ya kliniki, na popote mnapohamia kadi iende.

Mama yangu alitibiwa kansa ya titi miaka mitatu iliyopita. Wiki hii mgongo unamuuma usiku na leo miguu imekuwa mizito, anashika ukuta. Tarehe ya mionzi ni wiki mbili zijazo. Tusubiri?
Kijana, Nakuru

Hapana mwanangu. Hii nimekujibu kwa simu siku ileile na nairudia hapa kwasababu ya wengine. Mgonjwa wa kansa, mgongo unauma hasa usiku, miguu inalegea au mkojo unagoma, hiyo ni dharura ya leo, huenda uvimbe unabana uti wa mgongo. Marekani walipima kwa wagonjwa 101, nusu mionzi peke yake, nusu wakapasuliwa kwanza kuondoa kinachobana halafu mionzi. Matokeo ya 2005: waliopasuliwa waliweza kutembea baada ya matibabu asilimia 84, wa mionzi peke yake 57. Si kila mgonjwa anafaa kupasuliwa, ila anayeamua hivyo ni daktari baada ya kumpiga MRI, na anayetembea akiingia hospitali ana nafasi kubwa kuliko aliyeshalala. Tarehe ya wiki mbili haikujua kuhusu miguu.

Shemeji yangu ana uvimbe wa ubongo unaitwa glioblastoma, amepasuliwa. Kuna mtu kwenye WhatsApp anasema kuna nafasi ya utafiti wa seli shina nje ya nchi, tulipe dola elfu kadhaa kushika nafasi. Familia inataka kuuza kiwanja.
Arusha

Msiuze kiwanja. Utafiti wa kweli hauuzi nafasi na dawa inayopimwa huinunui, wewe ndo unawapa watafiti kitu, mwili wako na muda wako. Mwombeni huyo mtu namba ya usajili wa utafiti, wa Afrika unasajiliwa kwenye daftari la PACTR ambalo yeyote anaweza kulifungua bure, na mwombeni jina la kamati ya maadili. Akianza kukasirika mmeshapata jibu.

Nitakuambia na ukweli wa huu ugonjwa, najua unauma. Utafiti mkubwa uliobadilisha matibabu ya glioblastoma ulitoka 2005, wagonjwa 573, mionzi peke yake ukilinganisha na mionzi pamoja na vidonge vya temozolomide. Nusu ya wagonjwa walivuka miezi 12.1 kwa mionzi tu na miezi 14.6 kwa vyote viwili. Miezi miwili na nusu. Lakini waliofika miaka miwili walikuwa asilimia 26.5 badala ya 10.4, na hao ni watu walioona mtoto akianza shule. Hivyo ndo matokeo ya kweli yanavyokuja, kidogokidogo na namba zake zote. Anayekuahidi uponyaji wa asilimia mia kwa meseji hana namba hata moja. Hela ya kiwanja iwe ya nauli ya mionzi na ya kukaa naye.

Shikamoo. Mimi nilianguka kwenye mnazi huku Tanga nikaumia shingo, nilipasuliwa, sasa natembea na fimbo. Nilisaini utafiti. Kila baada ya miezi dada mmoja ananipigia ananiuliza naweza kufunga vifungo, naweza kwenda chooni, nimerudi kazini. Maswali yaleyale! Sasa nimechoka, mara nyingine sipokei. Wanapata nini?
Mkwezi, Tanga

Marahaba kaka, na nimefurahi unatembea, waliokwea minazi na miembe wakaanguka nimewauguza wengi na si wote wanaoinuka. Huyo dada anayepiga ni kama mimi, kwahiyo ngoja nimtetee.

Kuna utafiti mmoja Marekani ya Kaskazini unaitwa STASCIS, wa watu walioumia uti wa mgongo shingoni kama wewe, ulitaka kujua kupasuliwa mapema ndani ya masaa 24 kunasaidia au la. Walianza na watu 313. Miezi sita baadaye waliopatikana wakapimwa ni 222. Katika hao, waliopasuliwa mapema asilimia 19.8 walipanda ngazi mbili au zaidi kwenye kipimo cha nguvu na hisia, na waliochelewa asilimia 8.8. Hiyo ndo moja ya sababu leo daktari anapigania upate chumba cha upasuaji haraka. Lakini waangalie wale 91 waliokosekana. Je wengi wao walikuwa wamepona wako kazini hawana muda wa simu? Au wamelala na vidonda vya mgongoni hawawezi hata kuifikia? Hesabu ikipungua hivyo lile jibu linayumba, na daktari wa Tanga anayesoma anabaki na wasiwasi.

Na kurudia maswali yaleyale kuna sababu. Kwenye utafiti mwingine, RESCUEicp wa 2016, majeruhi 408 ambao shinikizo ndani ya fuvu lilikuwa limegoma kushuka kwa dawa, nusu waliondolewa kipande kikubwa cha mfupa wa fuvu ubongo upate nafasi. Miezi sita waliokufa asilimia 26.9 kwa waliofunguliwa na 48.9 kwa wasiofunguliwa, ila waliobaki wamefumbua macho hawajui lolote nao waliongezeka, 8.5 kwa 2.1, na hilo lazima ndugu waambiwe. Ukihesabu wale waliofikia hali ya kuweza angalau kujihudumia ndani ya nyumba, miezi sita tofauti haikuwa ya kutegemea. Walipopigiwa tena mwaka ulipotimia ikaonekana, asilimia 45.4 kwa 32.4. Swali lilikuwa lilelile, chooni unaenda mwenyewe, unabaki peke yako nyumbani. Wangeacha kupiga miezi sita tusingejua kwamba watu waliendelea kupanda.

Kwa wewe pia, siku ya kwanza uliposema kifungo kimoja nimefunga, yule dada aliandika namba kwenye karatasi halafu nina uhakika alitabasamu, mimi huwa natabasamu. Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kueleza, mwambie tu ataacha kupiga. Ukiamua kubaki mwombe apige jioni ukishapumzika, na kama umebadilisha laini mpe namba mpya pamoja na ya mtu mmoja wa nyumbani.